Banda Langu la Mawese na Gari la Nikodemu

Hebu niambie wewe unayesoma: mtu aliyekimbia vita akifika mlangoni kwako na gari, tena gari bovu, utamwambia yeye aingie ndani na gari libaki kwenye mvua? Mimi nilishindwa. Nikasema haya, liwekeni bandani kwa siku mbili tatu. Tangu siku hiyo nikawa sina banda.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu unakwenda kuisha, Warundi wanavuka ziwa usiku na mchana. Ukitoka kwetu Ujiji ukaenda ufukwe wa Kibirizi asubuhi unakuta maboti yamejaa magodoro, mbuzi, vyerehani, na watoto wamelala juu ya magunia. Nilimwona baba mmoja kashuka na mlango wa nyumba yake kichwani, mlango mzuri wa mninga, na kitasa chake. Nyumba imeungua, mlango umebaki, angefanyaje. Kwa hiyo tulikuwa tumeshazoea kuona vitu. Lakini gari juu ya mtumbwi hatukuwa tumeliona. Mgeni wangu huyo, Nikodemu, alilivusha kwa mitumbwi miwili mikubwa iliyofungwa pamoja kwa magogo, gari limekaa juu, limefunikwa mikeka. Likavuka ziwa salama kabisa. Wakati wa kulishusha ufukweni mbao zikateleza, gari likatanguliza pua majini na kukaa hapo hadi watu walipopatikana wa kulivuta. Kutoka Rumonge, upande wa Warundi, hadi Kibirizi halikulowa, likaja kulowa mbele ya nchi kavu. Hapo ndipo ningepaswa kuelewa ni gari la namna gani.

Walikuja kwetu kwa sababu ya mume wangu, Abdul. Abdul alikuwa fundi karabai, zile taa za pampu ambazo wavuvi wa dagaa huzining'iniza mbele ya mtumbwi. Kabla ya vita alikuwa akivuka kwenda Rumonge kutengeneza karabai za kule, na kila alipokwenda alilala kwa Nikodemu Ndayiragije, mfanyabiashara wa mawese, akala kwake, akaoga maji ya moto kwake. Sasa Nikodemu kaja na mkewe Leonia na mtoto wao mchanga Lyse, unamwambia nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba ilikuwa na nafasi, maana binti yetu Yusra alikuwa ameshaolewa Uvinza. Tukawapa chumba chake.

Gari lenyewe lilikuwa la Kitaliano, la kukimbia mbio, ndivyo Nikodemu alivyosema. Alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, na hata wakati huo lilikuwa limeshazeeka. Rangi yake ilikuwa nyekundu, ikachujuka mpaka ikafanana na tofali. Lilikuwa chini sana. Mbuzi akisimama upande wa pili unamwona mgongo wote. Milango miwili, viti viwili, na nyuma ya viti pana nafasi ya kuweka mkate na chupa ya chai, basi. Kuingia kwake unatanguliza makalio, kisha unavuta mguu mmoja, halafu wa pili, kama mtu anayeingia kwenye beseni. Nilijaribu mara moja, na kutoka nilitolewa kwa kuvutwa mikono.

Na banda langu lilikuwa la kazi. Humo nilikuwa na mashine yangu ya kukamulia ya kuzungusha kwa mkono, pipa la kuchemshia chikichi, mafiga matatu ya mawe, na debe zangu zimepangwa ukutani. Mawese hayataki mvua. Tone la mvua likiingia kwenye mafuta ya moto yanaruka, yanakuunguza mikono mpaka usoni. Wakatoa mashine yangu nje, wakaiweka chini ya mti wa mpera, gari likaingia. Nikawa nakamua mawese nimejifunika nailoni, Leonia ananishikia mwavuli juu ya pipa. Leonia alikuwa mwanamke wa maneno machache. Mimi ni Muha wa Mwandiga niliyeolewa Ujiji, na Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo hatukukosa lugha. Alikosa tu la kusema, au mimi ndivyo nilivyodhani.

Karibu na Noeli akaja Martini, katekista aliyekuwa akitoka na kuingia kwenye kambi moja ya wakimbizi njia ya Kasulu. Alileta habari kwamba mama yake Leonia yuko hai. Yeye aliishi milimani, mbali na Rumonge, kwa hiyo alikuwa amekimbia kwa miguu na majirani, akapita porini, akatokea upande wa Kasulu, wakampokea kambini. Leonia alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, kwenye maganda ya chikichi, akalia bila sauti. Nikampa maji.

Martini akasema watu wenye ndugu mjini wanaruhusiwa kuwachukua wazee wao, ila aende mtu wa kumpokea, bibi haachiwi kutoka peke yake. Basi la Kasulu lilikuwa linapita Mwandiga kila siku, linarudi kesho yake. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema kesho Leonia apande basi. Lakini Nikodemu alikuwa mkwe, na alitaka kuwa mkwe mzuri. Akamtuma Martini kwa sauti ya mtu anayetoa kiapo: mwambieni mama asipande gari la mtu yeyote, mimi mkwe wake nakuja kumchukua kwa gari langu mwenyewe. Leonia alimtazama mumewe, akainamisha kichwa. Nami nikafunga mdomo. Mwanamume akishatoa neno lake kwenye nyumba ya watu, mkewe hawezi kulikunja mbele yao.

Basi kazi ikaanza, na mwenye kuumia nikawa mimi.

Walifungua injini wakaanika vipande vyake kwenye ungo wangu wa kupepetea. Wakaosha bolti na nati kwa mafuta ya taa ndani ya sufuria yangu kubwa, ile ya pilau, na hata niliposugua kwa jivu na majani ya mpapai, wali uliendelea kunuka taa. Pistoni zilikuwa zimeshikwa na kutu. Walisukuma, wakapiga kwa nyundo iliyofungwa kitambaa, hazikusogea. Abdul akaja kwangu akaomba mawese. Nikamuuliza ya kupikia au ya kuuza. Akasema ya kutibu. Wakayachemsha, maana mawese yakipoa huganda, wakayamimina ya moto kwenye matundu ya plagi, wakaacha, wakamimina tena. Walimaliza debe zima. Halafu wakaweka gia wakawa wanalisukuma gari mbele na nyuma, mbele na nyuma, bandani humo, kama watu wanaombembeleza mtoto asiyetaka kulala. Siku moja tukasikia kitu kimelia ndani, na pistoni zikaachia. Sikatai, hapo walifaulu. Lakini kufaulu huko ndiko kulikomharibu mume wangu, maana kuanzia siku hiyo alijiona anajua magari.

Wakafika kwenye kabureta. Zilikuwa mbili, kila moja ina midomo miwili. Abdul alizishika mkononi, akazigeuzageuza, akatabasamu. Akamwambia Nikodemu kwamba hiki kitu anakijua toka ujana wake, ni karabai tu: mafuta yanapanda, yanapita kwenye kitundu chembamba, yanakutana na hewa, yanawaka. Nikodemu, ambaye ujuzi wake wote wa gari lile ulikuwa kuliendesha na kulipangusa, akakubali.

Sasa wewe labda hujui karabai. Taa hiyo ikianza kutoa moshi na mwali mwekundu, maana yake kitundu chake kimeziba. Fundi anachukua sindano yake ya chuma, anazibua, mwali unarudi mweupe. Ukitoa moshi tena, anazibua tena. Ndiyo kazi yote. Abdul akachukua sindano yake ya karabai akazibua vile vitundu vya kabureta, ambavyo ni vya shaba laini, akavizungusha vizuri, akafunga. Gari likawashwa. Liliwaka kwa mshindo hata kuku wangu wawili wakapanda juu ya paa, likatoa moshi mweusi ukajaza ua, ukavuka ukuta ukaenda kwa jirani aliyekuwa ameanika mashuka. Halafu likazima.

Abdul akasema moshi ni dalili ya kuziba. Akafungua, akazibua zaidi. Likawaka, moshi ukawa mwingi kuliko wa kwanza. Akasema uchafu bado umo. Akazibua tena. Wiki nzima ilikuwa hivyo. Kila akizibua, gari linakunywa petroli kama ng'ombe na kutoa moshi kama tanuri la matofali. Na kila likitoa moshi, yeye anazibua. Nilimwambia, Baba Yusra, huoni kwamba linazidi? Akanijibu nikakamue mawese yangu. Nikamwambia ningekamua kama ningekuwa na banda.

Martini alirudi katikati ya shughuli hiyo. Alisema mama yupo, ila amekataa kiwanja. Wenzake wote wamepewa viwanja na turubai, wamejenga, wamepanda mboga. Yeye amewaambia wagawaji kwamba hahitaji, mkwe wake anakuja na gari. Kwa hiyo analala kwenye lile banda kubwa la kupokelea wageni wapya, lisilo na kuta, na kila asubuhi anafunga kifurushi chake anakwenda kukaa kando ya barabara. Mvua ikinyesha anajifunika mkeka. Walipita watu wa Ujiji wanaojulikana, wakajitolea kumwombea ruhusa waje naye. Akawajibu kwamba mkwe wake ameagiza asipande gari la mtu.

Nilimtazama Nikodemu. Unajua alisema nini? Alisema, unaona jinsi mama anavyoniheshimu. Akachukua spana.

Leonia alikuwa anatenganisha chikichi na vishada vyake. Mikono yake haikusimama. Jioni hiyo nilimuuliza kwa Kiha kama yuko sawa, akasema yuko sawa. Nikamuuliza kama mama yake ana kifua, akasema anacho tangu zamani, kikipata baridi kinapiga miluzi. Akaendelea na chikichi.

Mimi ndiye niliyekwenda Katonga, kwa wavuvi, kumleta Feliksi, fundi wa mashine za boti. Nilikuwa nimekwenda kununua dagaa, nikamkuta kazini, mikono imelowa mafuta mpaka kwenye viwiko, nikamsihi aje mara moja tu aangalie, walau mume wangu apumzike. Feliksi alikuja, akafungua kabureta, akazitazama kwenye mwanga, akacheka mpaka akashika ukuta. Akamuuliza Abdul kama alikuwa anatengeneza gari au anachimba kisima. Vitundu vilikuwa vimepanuka mpaka punje ya mtama ingepita. Akatueleza kwamba moshi wa gari ni kinyume cha moshi wa karabai: gari likitoa moshi mweusi linapata mafuta kupita kiasi, siyo pungufu. Abdul alikaa juu ya debe. Siku mbili hakusema na mtu, hata mimi alinionyesha kwa kidole akitaka chumvi.

Hawakuwa na pa kupata vitundu vipya, gari la aina hiyo lilikuwa peke yake mkoa mzima. Feliksi akawafundisha kuviziba kwa risasi ya kulehemu, kisha risasi ikiwa bado moto wapitishe uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli na kuuchomoa. Uzi ukiwa mwembamba sana umekosea, ukiwa mnene umekosea, unayeyusha unaanza upya. Na moto wa kuyeyushia ulikuwa upi? Mafiga yangu. Nilifika mahali nikawa napika chakula kwenye jiko dogo la mkaa barazani kama mpangaji.

Kabureta zikapona, klachi ikafa. Mpira wake wa ndani ulikuwa umeoza. Nilikuwa natafuta kandambili yangu ya kushoto tangu asubuhi, ndala nzuri, haijamaliza mwezi, kumbe imekatwa duara na imo ndani ya gari. Abdul aliniambia nifurahi, maana sasa na mimi nina mchango wangu. Nilimwambia mchango wangu ni banda, ungo, sufuria, debe la mawese na uvumilivu, na kandambili sikuwa nimeitoa. Nikodemu akaomba radhi, yeye ni mtu wa adabu, aliniita Mama Yusra na kuinamisha kichwa. Nikamsamehe. Lakini kila nikipita uani na mguu mmoja mtupu nilikuwa namkumbuka bibi yule kando ya barabara na kifurushi chake, na hasira zinarudi.

Jumanne moja Martini akaja mbio, hakukaa hata kwenye kiti. Kambi imejaa. Jumamosi malori yanakuja kuwachukua wote wasio na viwanja, wapelekwe kambi mpya, kaskazini huko mbali, mbele ya Kibondo. Na mama yake Leonia yumo, kwa kuwa kiwanja alikikataa. Akishapakiwa, kumpata tena itakuwa kazi ya kuuliza kambi hadi kambi, na yule bibi hali yake si ya kusafirishwa juu ya lori kwenye mvua. Martini akamgeukia Nikodemu akamwambia aende na basi, gari litambeba mama siku nyingine. Nikodemu akasema gari limebakiza kufunga tu. Leonia alifungua mdomo. Nilimwona. Mtoto akalia, akaenda kumnyonyesha.

Kusema haki walifanya kazi Jumanne yote na Jumatano. Jumatano alasiri gari liliwaka bila moshi. Likanguruma, ukuta wa banda ukatetemeka, debe zangu zikagongana. Nikodemu akalitoa nje mara ya kwanza, akamchukua Abdul pembeni yake, wakaenda hadi Mwandiga wakarudi. Watu walitoka majumbani kuangalia. Abdul alishuka uso umejaa vumbi na meno yote nje, akasema barabara inapita chini ya makalio yako kama maji. Nikodemu alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja. Na mimi, usinicheke, nilifurahi pia. Nilifagia banda langu. Nilirudisha mashine yangu ndani, nikapanga debe.

Alhamisi asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya safari. Niliamka nikachemsha mihogo na chai ya tangawizi, tukakaa barazani. Gari limesimama uani, limepanguswa. Nikodemu kavaa shati jeupe alilovuka nalo ziwa. Mimi nilikuwa namfungia bibi chakula cha njiani kwenye jani la mgomba, na nikawa nafikiria tu kama ataweza kula ndani ya gari lile la chini, ndipo nikauliza, bila ubaya wowote:

"Na bibi atakaa wapi?"

"Pembeni yangu," akasema Nikodemu. Kikombe kikasimama njiani, hakikufika mdomoni.

Sasa labda wewe kwenu ni kitu kidogo. Kwao, na kwetu sisi Waha vilevile, mwanamume na mama wa mkewe hawakaribiani. Mabukwe, ndivyo wanavyomwita mama mkwe, na jina lake mkwe halitamki kabisa. Akimsalimia anasimama mbali, macho chini. Hali chakula mbele yake, hampi kitu mkono kwa mkono, wakikutana kwenye njia nyembamba yeye ndiye anayeingia majanini. Miaka yote ya ndoa Nikodemu hakuwa amewahi kukaa mkeka mmoja na mama yule. Na sasa alikuwa ametengeneza gari kwa miezi kadhaa ili akae naye bega kwa bega kutoka Kasulu hadi Ujiji, wao wawili peke yao, magoti yanagusana. Hakuna aliyefikiri. Tulikuwa tumefikiri pistoni, kabureta, klachi. Viti vilikuwepo muda wote, tumevikalia, tumevifuta vumbi.

Abdul akasema Leonia aende badala ya Nikodemu, halafu akakumbuka kwamba Leonia hajui kuendesha. Abdul mwenyewe hata baiskeli ilikuwa inamshinda. Feliksi alikuwa ziwani. Bibi akae nyuma, kwenye nafasi ya mkate? Nikamwuliza mume wangu kama anamkunja au anamkata. Nikodemu alikuwa ameshika kichwa. Nikawaambia basi bado halijapita Mwandiga. Hakuna aliyenisikia, kwa sababu Abdul alikuwa ameshapata wazo, na Abdul akipata wazo masikio yake yanaziba.

Wazo lilikuwa mkeka. Wataweka mkeka katikati ya viti uwe ukuta, bibi upande wake, mkwe upande wake, heshima imekaa mahali pake. Akaingia ndani akatoka na mkeka wangu wa rangi, ule wa wageni, uliosukwa na marehemu shangazi. Nikasema huo hapana. Akasema ni kwa ajili ya mgeni, na mkeka ni wa wageni. Wakausimamisha, wakaufunga kwa kamba juu na chini. Ukakaa vizuri. Ndipo ikaonekana kwamba mti wa gia uko katikati, na sasa uko upande wa bibi.

Wewe ungeacha. Wao hawakuacha. Abdul akachukua kisu cha jikoni akakata tundu kwenye mkeka wa shangazi, la kupitisha mkono. Nilikaa chini nikatazama tu. Kuna wakati mtu anachoka mpaka hasira zenyewe zinachoka. Leonia hakuwepo barazani. Nilidhani yuko chumbani na mtoto.

Wakataka kujaribu. Abdul akaingia kiti cha abiria ajifanye mama mkwe, akajitanda hata kanga yangu kichwani ili, alivyosema, wapate vipimo sawasawa. Nikodemu akakaa kwenye usukani, akapitisha mkono kwenye tundu. Gia ya kwanza ikaingia. Alipovuta ya pili mkono ukarudi nyuma ukagonga goti la Abdul. Nikodemu akauchomoa mkono kama aliyeshika figa la moto, akainamisha macho, akasema kwa sauti ya heshima kabisa:

"Unisamehe, mabukwe."

Naye Abdul, kanga imemfunika nusu ya uso, akamwambia hakuna neno mwanangu, jaribu tena, pitisha mkono taratibu. Na wakajaribu tena. Watu wazima wawili, Alhamisi asubuhi, malori yanakuja Jumamosi.

Leonia akatoka ndani. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kufunga, vya kanisani, Lyse yuko mgongoni, na mkononi ana kifurushi cha kitenge. Alipita mbele yangu, akachukua kile chakula cha jani la mgomba kutoka kwenye ungo, akakitia kwenye kifurushi. Halafu akaenda akasimama mbele ya gari. Kwa jinsi gari lilivyokuwa fupi, mumewe ilimbidi ainue shingo sana kumwona.

Nikodemu akamwuliza kwa Kirundi anakwenda wapi. Yeye akajibu kwa Kiswahili, nadhani ili tusikie wote.

"Nakwenda Mwandiga kungoja basi."

Nikodemu akasema taratibu kwamba asubiri, wamebakiza kupanua tundu kidogo tu. Akasema, tena nusu ya uso wake iko nyuma ya mkeka, kwamba ametoa neno lake kwa mama na neno la mwanamume halirudi nyuma.

"Neno lako lipo, Baba Lyse," akasema Leonia. "Mama amelikalia mvuani tangu Noeli."

Abdul akavua ile kanga kichwani polepole, akaikunja juu ya mapaja. Nikodemu alizima gari. Aliuliza, na safari hii aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, kwa nini hakusema siku zote hizo.

Leonia alimtengeneza mtoto mgongoni, akakaza fundo la kitenge kifuani.

"Tuko kwa watu, na wewe hukuniuliza," akasema. "Leo nasema. Nilitaka kwenda kumchukua mama mimi mwenyewe. Siku ile ile aliyokuja Martini nilitaka kwenda, hata kwa miguu."